Kuchora kwa wino kutokana na ngoma, desturi na haki: mwongozo wa anayeanza, kutoka Amu

Nichore nini? Ninunue kalamu gani? Kwa nini wino unatambaa? Maswali haya nimeyajibu barazani, kwenye simu na njiani nikitoka sokoni. Wengi wanaoniuliza ni vijana wa hapa Amu, yaani Lamu, wenye jambo la kusema na mkono mzuri, lakini hawajui pa kuanzia. Kwa hiyo nayaandika yote mahali pamoja.

Mimi nilianzia kwenye hina na piko, rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, kabla sijashika karatasi. Anayempaka bibi harusi anajua kwamba mstari ukishapita haurudi, na kwamba mkono ukisita, mstari hutetemeka na kila mwenye macho ataona ulisita wapi. Wino ni vivyo hivyo: maji umeshayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Wala wino si mgeni kwetu. Mwana Kupona, mwanzoni mwa utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamwambia achukue wino na karatasi. Kule Siu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, na nakshi pembeni. Ukishika kalamu leo, umeingia katika kazi ambayo visiwa hivi vinaijua zamani.

Kabla hujaanza, tafuta hivi

- Karatasi nzito. Ile ya fotokopi ya gramu 80 ni ya mazoezi tu. Kwa mchoro wenyewe tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 160 kwenda juu, na kama utatumia wino wa maji, yaani uliopunguzwa kwa maji, 200. Ukikosa, manila nyeupe inafaa, lakini jaribu wino kwenye pembe yake kwanza.
- Wino mweusi wa kuchorea, wa chupa. Mwambie mwenye duka unataka ule usioyeyuka tena ukishakauka. Wino wa kalamu za kujaza, zile za shule za zamani, utayeyuka mara burashi yenye maji ipitapo.
- Kalamu mbili: moja ya nibu ya chuma, moja ya tete utakayoichonga mwenyewe. Kwa mazoezi bikipeni yatosha, usingoje vifaa.
- Burashi mbili, moja nyembamba yenye ncha, nyingine pana.
- Penseli ya HB, raba laini, vikombe viwili vya maji, visahani vitatu, ubao na vibanio, na kipande cha leso kuukuu. Leso iliyofuliwa mara nyingi hunyonya wino kuliko kitambaa chochote cha dukani.

Kalamu ya tete ni rahisi. Chukua tete kavu lenye unene wa kidole cha mwisho, urefu wa shubiri moja. Likate mshazari kwa kisu kikali, ukisukuma kisu kwenda mbali nawe. Kwangua nyama laini ya ndani, punguza mabega mawili mpaka ncha iwe nyembamba, kisha pasua ufa wa sentimita moja na nusu katikati ya ncha. Mwisho ilaze ncha juu ya ubao mgumu uikate kwa pigo moja. Ufa ndio unaoshusha wino. Usipoupasua utapata tone moja kisha ukavu.

Wasio na wino wa duka huniuliza kuhusu masizi. Inawezekana. Kingiza sahani ya bati juu ya kibatari, kusanya masizi, zima moto kabisa. Masizi hayashikani na maji, ukiyatia tu yataelea. Yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti mpaka yawe uji mzito, ndipo uongeze gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, kipimo kimoja cha gundi kwa viwili vya maji ya moto. Saga kwa mgongo wa kijiko nusu saa. Tone moja la mafuta ya karafuu litazuia kuvu. Spiriti na kibatari visikutane: moto uwe umezimwa, na afadhali uwe chumba kingine. Kumbuka pia kwamba wino huu ukikauka bado huyeyuka kwa maji, kwa hiyo ni wa mistari tu.

Hatua

1. Chagua ngoma moja, uisikilize mikono mitupu. Moja tu. Anayeanza hutaka taarabu, kirumbizi na Maulidi viingie ukurasa mmoja, na matokeo yake ni kama ukuta wa matangazo. Chagua ile unayoijua kwa mwili. Pengine ni kirumbizi, duara la watu, fimbo zinagongana na zumari haipumui. Pengine ni goma, wanaume wa kanzu na kofia wamejipanga na bakora zao wakiyumba polepole. Au matwari, yaani matari, ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha, au udi, ala ya nyuzi, ule wa mafundi kama Zein l'Abdin aliyezaliwa hapa hapa Amu. Kama ngoma yenyewe inachezwa karibu, nenda. Kama haipo, simu inatosha. Sikiliza mara tatu: mara ya kwanza usitafute chochote, mara ya pili fuata ala moja tu, mara ya tatu tazama mikono ya wapigaji, au ikumbuke.

2. Geuza sauti kuwa mistari. Hatua hii wengi huiruka, nami nakuomba usiiruke. Chukua karatasi ya mazoezi, washa sauti, tia kalamu wino. Zumari ichore kwa mstari mmoja mrefu bila kuinua kalamu, unapanda na kushuka nayo. Mpulizaji hujaza mashavu hewa ili sauti isikatike, nawe usikate. Chapuo, ngoma ndogo, ipige kwa vistari vifupi vya tete, vizito mwanzo, vyembamba mwisho. Twari lina mlio na msisimko wa njuga, basi lipe nukta, nyingi pale linapotikiswa, chache linapotulia. Udi una mstari unaoanza kwa kishindo na kuisha kwa kupotea: kandamiza nibu halafu legeza.

Jaza kurasa mbili au tatu. Baadaye zitazame bila sauti. Utaona mistari iliyo hai na iliyokufa, na tofauti utaijua bila kuambiwa. Izungushie penseli ile iliyo hai, maana ndiyo utakayoitumia kuchora kila kitu katika picha, hata kisicho ngoma. Mawimbi, nyuzi za kofia, fito za dema, ule mtego wa samaki, vyote vitachukua mdundo huo. Hivyo ndivyo muziki unavyoingia katika mchoro. Ukichora noti zinazoruka hewani, umechora alama ya muziki tu.

3. Tafuta jambo lenye ukubwa wa mkono. Hapa ndipo haki inapoingia, na hapa ndipo michoro mingi huharibika. Kijana ana uchungu wa kweli, anachora ngumi iliyokunjwa, mnyororo uliokatika na neno HAKI kwa herufi kubwa. Uchungu ni wake, lakini picha ni ya kila mtu na ya popote.

Angalia mambo yetu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021. Juni 2019 baraza linalosikiliza mashauri ya mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku huku Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 huo huo ukataji miti ulipopigwa marufuku nchini, wakata boriti wetu wa mikoko nao walikaa bila kazi.

Sasa, bilioni 1.76 haichoreki. Megawati hazichoreki. Kinachochoreka ni dema.

Ami yangu alivua kwa dema na mshipi tangu ujana wake. Nilipomwomba nimchore alikubali kwa sharti. "Uso niachie, mwanangu. Chora huu," akanyosha mkono wa kulia. Kwenye kidole cha shahada, ndani ya kiungo cha pili, mshipi ulikuwa umechimba mfereji. Ngozi ya hapo ilikuwa ngumu, inang'aa, nyeupe kuliko ya pembeni, na ukipitisha ukucha ndani yake hausikiki. Kucha ya gumba ilikuwa imepasuka kwa urefu, na katika ufa kulikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Nilikaa na mkono ule saa mbili. Mchoro una mkono, ukingo wa dema, na kamba inayopita kati ya vidole. Samaki hamna. Fito za dema nilizipiga kwa mdundo wa chapuo, na wazee walioziona walijua ngoma gani.

Kwa hiyo andika sentensi moja nyuma ya karatasi: nani, anafanya nini, amekosa nini. Kama sentensi haina mtu wala kitu cha kushikika, rudi ukaulize zaidi. Kaa na mwenye jambo. Usichore jambo la watu kwa kusikia tu.

4. Lifumbe. Sisi ni watu wa mafumbo. Mwimbaji wa taarabu hamtaji anayemsema. Anaimba juu ya mti, chombo au ndege, na mhusika ukumbini anajijua. Chora hivyo. Dema tupu husema zaidi ya samaki mwenye machozi. Boriti iliyolala na kuota magugu, kiti kitupu mkutanoni, jahazi lililopandishwa pwani mpaka rangi imebanduka: mtu wa hapa hahitaji maelezo. Lakini fumbo likiwa zito hata mwenye jambo halifumbui, umepita kiasi. Mwonyeshe yeye kwanza.

5. Omba ruhusa. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nilikosea. Niliwahi kuchora mwanamke akipiga vugo harusini, pembe ya nyati mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, uso wake na nywele zake wazi, kisha nikauonyesha mchoro mbele za watu. Alikuwa amefunua kichwa kwa sababu alikuwa ndani, kati ya wanawake wenzake. Nilikwenda kwao kuomba radhi, na mchoro nikawakabidhi. Tangu siku hiyo shughuli za ndani huzichora kwa mikono na ala peke yake. Wapo pia wasiopenda sura zao zichorwe kwa sababu ya dini. Ukiambiwa hivyo usibishane. Na mtu aliye katika kesi au mgogoro, mchoro wa uso wake unaweza kumletea shida ambayo wewe hutaibeba. Mwulize, na akikataa kesho baada ya kukubali leo, ni haki yake.

6. Chora vidogo vinne. Kila kimoja kama kiberiti kwa ukubwa. Usichore vitu, chora weusi na weupe: wapi patakuwa peusi kabisa, wapi karatasi itabaki kama ilivyo. Chagua kile kinachosomeka ukiwa hatua tatu mbali.

7. Penseli, kwa wepesi. Weka ukubwa na mahali pa vitu. Ukikandamiza, penseli huacha mfereji na wino utaufuata. Mikono ifanye mikubwa kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Charles White, mchoraji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Chicago mwaka 1918 na kufariki 1979, aliwachora wafanyakazi na waimbaji kwa wino na mkaa, na mikono yao aliipa uzito wote. Ukipata picha za kazi zake, tazama mikono.

8. Wino. Osha mikono, mafuta ya samaki au ya nywele hukataa wino. Nibu mpya ipanguse kwa spiriti, maana hutoka kiwandani na mafuta. Chovya mpaka nusu ya nibu, gusisha ukingo wa chupa tone la ziada lishuke, jaribu kwenye karatasi ya kando, ndipo uje kwenye mchoro. Anza juu kushoto ushuke kulia. Wa mkono wa kushoto aanze juu kulia. Weka karatasi safi chini ya kiganja.

Washa ile ngoma tena. Vuta mstari kwa bega kama ni mrefu, kwa vidole kama ni mfupi, na utoe pumzi unapovuta. Nibu huvutwa kuja kwako. Ukiisukuma itachimba karatasi na kurusha matone. Badala ya kuligeuza bega, geuza karatasi.

Mistari ya tete iache kwa vitu vikavu na vikuukuu: kamba, mbao, magamba. Tete likikaribia kuishiwa wino hutoa mstari uliochanika, na huo ndio hasa unaoufaa mkono wa mvuvi.

9. Weusi na wino wa maji. Ngoja mistari ikauke, dakika 20 jua likiwapo, saa nzima wakati wa masika. Jaza weusi mkubwa kwa burashi. Kisha tayarisha visahani vitatu, kila kimoja kijiko kimoja cha chai cha maji: cha kwanza matone mawili ya wino, cha pili sita, cha tatu kumi na tano. Anza na hafifu. Pitisha mara moja uache. Ukirudi pakiwa pabichi utapata madoa kama ya chumvi ukutani. Kila tabaka likauke kabla ya jingine. Na uache weupe. Kwenye mchoro wa Ami ule mfereji wa mshipi haukuguswa na wino hata kidogo, ni karatasi tupu, na jicho huenda hapo kwanza.

10. Maneno, kama lazima. Neno moja au mawili, yaandikwe kwa mkono na kalamu ile ile, na yapangwe tangu penseli. Ukitumia shairi la mtu aliye hai, mwombe na uandike jina lake.

11. Malizia. Lala nao usiku mmoja. Asubuhi futa penseli kwa raba laini, polepole. Weka saini na mwaka. Nyuma andika ngoma uliyoisikiliza, mahali, na jambo lenyewe kwa sentensi ile ya hatua ya tatu. Mwenye mkono apewe nakala.

Mambo yakiharibika

*Wino unatambaa kama mizizi.* Karatasi ni nyepesi au imenyonya unyevu. Hapa Amu, kusi ikivuma, karatasi iliyoachwa mezani usiku mmoja hubadilika. Itunze ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, bapa, na kipande cha mkaa kilichofungwa kitambaani. Jaribu pia upande wa pili wa karatasi, mara nyingi mmoja ni bora.

*Karatasi inajikunja baada ya maji.* Ibane pande zote nne kwenye ubao kabla ya kuilowesha. Ikiwa imeshajikunja, ngoja ikauke, nyunyiza unyevu mdogo sana mgongoni, iweke kati ya karatasi safi mbili chini ya vitabu vizito siku mbili.

*Nibu haitoi wino, au inatoa bonge.* Wino umekaukia kwenye ufa. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki mkuukuu, kausha kabisa. Usiiache nibu chafu usiku. Kwa hewa hii ya chumvi kutu haichelewi.

*Tone limeanguka katikati.* Usilifute, utalitandaza. Gusisha pembe ya leso linyonywe, liache likauke, kisha amua: laweza kuwa kivuli, nanga, shimo la ubao? Ikishindikana, kwenye karatasi nzito likwangue kwa wembe mpya uliolazwa karibu bapa, baada ya siku nzima ya kukauka. Rangi nyeupe iwe ya mwisho, maana huonekana.

*Mchoro ni sahihi lakini umelala.* Mistari yote ina unene mmoja. Ichukue ile ya nje, upande wa kivuli, uinenepeshe kwa tete. Pengine pia ulizima ngoma ukiwa kwenye hatua ya nane. Rudi kwenye kurasa za mazoezi uone mstari ule uliouzungushia penseli.

*Watu wanasema "mzuri" na kupita.* Basi jambo halijaonekana. Waulize wanaona nini. Wakisema "mkono," uliza mkono wa nani. Wasipojua, kosa liko hatua ya tatu. Nenda ukakae tena na mwenye mkono, safari hii na karatasi ndogo, uchore kidole kimoja tu.